Mgeni Aliyerudi Kila Siku

Binti yangu wa kwanza tunamwita Springi, na jina hilo alijipatia mwenyewe kabla ulimi wake haujanyooka. Tulikuwa na kochi moja la mbao nyeusi, tulilolikuta kwenye nyumba tulipohamia. Mtoto yule akiamka tu, hata uso hajanawa, anapanda kochi na kuruka. Nilimfokea, nikamtisha kwa fimbo, mwishowe nikalifunika kochi kwa shuka nikamwambia limelala. Alingoja nigeuke, akaruka. Siku lilipopasuka na waya ukachomoza, nilimkuta amelala kifudifudi, kichwa kimezama ndani ya tundu.

"Mama," aliniambia bila kutoa kichwa, "humu kuna springi nyingi, na moja imechoka."

Baba yake alicheka mpaka akakaa chini, na jina likakaa pamoja naye.

Alisoma, akapata ukarani kwenye duka la jumla la karatasi na madaftari. Nikapumua. Mama aliyelea mtoto wa kuruka anajua raha ya kusikia kwamba mtoto huyo sasa ana kazi ya kukaa. Lakini hata huko hakukaa. Kiti cha meneja kilibonyea upande mmoja, meneja akawa anaongea na watu huku amelala mshazari kama anayesikiliza ukuta. Springi alikipindua wakati wa mapumziko, akakifungua kwa bisibisi, akakijaza kipande cha godoro. Baada ya hapo viti vya ofisi nzima vikaanza kuugua. Tawi lile la duka lilipofungwa na wafanyakazi wakaagwa, wenzake walirudi makwao wameinamisha vichwa. Springi alirudi na makochi ya watu juu ya mkokoteni, na uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Mimi nililia jikoni nikasingizia vitunguu.

Nyumba yetu ina chumba cha mbele chenye mlango wake unaotazama barabara. Mume wangu, ambaye aliendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ulipomwambia basi, alikuwa akiweka humo matairi chakavu na vyuma ambavyo alisema siku moja vitafaa. Springi aliomba chumba, baba yake akakitoa kwa shingo upande, na matairi yakahamia uani kwangu.

Nilipenda kumwangalia akifanya kazi, japo nilijifanya naenda kufagia. Kochi la zamani analivua kwanza, misumari anaing'oa kwa koleo mmoja mmoja, kitambaa kikuukuu kinatoka na vumbi la miaka. Ndani hukuta vitu: vitana, kalamu, hereni moja isiyo na mwenziwe, safari moja jino la bandia. Vyote huviweka kwenye kopo na kumrudishia mwenye kochi bila kumtazama usoni. Halafu mbao, mikanda, springi, sponji. Na kabla hajafunika sponji kwa kitambaa kipya, lazima amwite mwenye kochi aje akae. "Kaa. Inuka. Kaa tena." Yeye anachuchumaa pembeni, jicho lake kwenye sponji, anaangalia inavyorudi juu. Ikichelewa kurudi anaitoa, hata kama mwenyewe ameridhika.

Kwa hiyo kazi aliijua. Tatizo lilikuwa watu. Wote walioleta makochi walikuwa ndugu, na wote ni ndugu wa upande wa mume wangu.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu baba watoto. Huyu mtu hana mgeni duniani. Mpe dakika chache na mtu yeyote, ataanza: kwenu wapi, mzee wako nani, mjomba wako aliwahi kufanya kazi wapi. Kabla chai haijapoa amegundua kwamba shangazi wa mtu huyo alichumbiwa na binamu yake. Zamani askari wa barabarani alimsimamisha kwa kosa la taa, na mwisho wake tukala kwa yule askari, naye akimwita mume wangu Baba Mdogo. Basi kila mwenye kochi bovu mjini alikuwa kwanza amekutana na baba yake Springi, na kwa kuwa ni ndugu, alilipa kwa shukrani nyingi na ahadi ndefu.

Mume wangu aliliona hilo. Alisema hiyo si biashara, ni ubani. Na wakati huohuo kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa amechoka kunyolea watu barazani kwenye upepo, alianza kukisifu kile chumba. Kila akipita anasimama mlangoni na kusema mwanga wake ni mzuri kwa kioo.

Siku moja mezani mume wangu akasema neno lake. Hakupaza sauti, huwa hapazi anapokuwa amekwisha kuamua.

"Springi, mimi sikukatazi. Niletee mtu mmoja. Asiwe ndugu, asiwe jirani, asiwe rafiki yangu. Aje mwenyewe, kwa huo mtandao unaousema. Kinyozi analeta kioo chake shule zikifunguliwa. Akikuta mtu huyo ameshakuja, kioo kirudi kilikotoka."

"Mmoja tu, Baba?"

"Mmoja. Lakini awe mgeni kweli."

Springi alitabasamu, akaona amepewa mtihani wa chekechea. Mimi ndiye niliyeacha kula. Nimeishi na mtu yule. Najua kwamba mgeni kweli, kwake, ni adimu kuliko jino la kuku.

Tovuti Springi aliijenga mwenyewe, kwa kompyuta chakavu aliyoachiwa na ofisi, akijifunza kwa kutazama video na kujibizana nazo. Iliniridhisha. Aliweka picha za kila kochi, kabla na baada. Kabla, makochi yalionekana kama wagonjwa waliopiga foleni. Baada, kama maharusi. Chini kabisa aliandika namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa. Tukangoja. Ilikuwa kama kibanda kilichojengwa katikati ya pori: kizuri, kimefagiliwa, na hakuna njia inayopita hapo.

Ndipo akaingia Bwana Wageni. Hilo ndilo jina alilojiita kijana huyo, ambaye hatujawahi kumwona sura, tuliyemjua kwa sauti ya simu tu. Kazi yake ilikuwa kuuza wageni. Ndiyo, kuuza. Alikuwa nao kwa mafungu kama nyanya: fungu dogo, fungu la kati, fungu kubwa. Unalipa, yeye anawaelekeza watu kwenye tovuti yako. "Dada yangu," alimwambia Springi, "duka bila watu ni kochi bila sponji." Springi akacheka, na nilipomwona amecheka nikajua amekwisha. Alichukua fungu la kati, kwa akiba aliyokuwa anaiwekea cherehani ya vitambaa vizito.

Nilimuuliza hao watu wanaletwaje, isije ikawa kwa kushurutishwa. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wenye makochi: mtu yuko kwenye ukurasa mwingine anasoma mambo yake, mara ukurasa wetu unafunguka mbele yake. Nikauliza kama mtu huyo anajua anakokwenda.

"Si lazima ajue, Mama. Akifika ataona."

Sikulipenda jibu lile. Mtu asiyejua anakokwenda, kwetu tunasema amepotea.

Lakini walikuja. Asubuhi ile Springi aliigeuza kompyuta ili tuone namba zinavyopanda, zikapanda kweli, kama maziwa yanayochemka. Alimwita baba yake, akamwita hata kinyozi. Mume wangu alivaa miwani, akatazama kwa heshima, akauliza kama wageni wote hao watakunywa chai. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu alipita na jembe la bustanini, akaliegemeza mlangoni mwa chumba cha mbele na kusema hilo ni la wageni, maana siku zao mbili zimekwisha.

Springi alicheka na sisi, ila nilimwona usiku huo hakugusa chakula. Wageni wale hawakukaa. Walifika na kuondoka kwa muda wa kupiga chafya. Wengi walitoka nchi za mbali ambako hata mume wangu hakuwa na ndugu. Mtu wa huko akitaka kochi lake lishonwe kwetu, nauli ya kochi itazidi bei ya nyumba.

Bwana Wageni hakushtuka. Alisema wageni ni wazuri, kosa ni kuwaacha waondoke. "Dada, washike shati." Akamfundisha kuweka lile tangazo linaloruka. Mtu akifungua ukurasa tu, kabla hajaona kitu, kunaruka boksi jekundu katikati: SUBIRI! KOCHI LAKO LINALIA? Chini yake kuna nafasi ya kuandika namba yako ya simu ili upigiwe. Springi alituonyesha kwenye kompyuta. Kila alipofungua liliruka, na kila liliporuka mimi niliruka nalo.

Nikasema linafanana na wale wapiga debe wanaokunyang'anya begi kabla hujasema unakwenda wapi.

"Biashara matangazo, Mama."

Kutoka chumba cha pili sauti ya baba yake ikajibu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Sawa, Baba. Basi lile lori lako ungeling'oa honi."

Halafu tukamsikia anacheka peke yake. Honi ya lile lori aliipenda kuliko tulivyopenda sisi. Aliipiga tangu kona ya kwanza ili nijue niweke maji ya kuoga.

Sasa na mimi nina simu. Ni ndogo, ilikuwa ya Springi kabla hajapata nyingine, kioo chake kimepasuka pembe moja. Springi alikuwa ameniwekea tovuti yake mle ndani ili nikibonyeza mara moja tu ifunguke, na mimi nikawa nabonyeza. Nikimaliza kufagia, nabonyeza. Nikitia maharage jikoni, nabonyeza. Sikuwa na shughuli humo. Alipokuwa mchanga nilikuwa naingia chumbani kila mara kusikiliza kama anapumua. Na hii ilikuwa hivyohivyo, kuona kama duka lake bado lipo. Boksi jekundu linaruka, linaniuliza kama kochi langu linalia, nami nalitazama mpaka nachoka. Kuandika namba yangu kwa watu nisiowaona sithubutu, nimeonywa vya kutosha juu ya matapeli wa simu. Basi naiweka simu kwenye rafu karibu na kopo la sukari, naendelea na kazi, na lile boksi linaendelea kuuliza hukohuko. Nilidhani ndivyo duka lilivyo siku hizi, limevishwa pazia jekundu. Sikumwambia mtu.

Fungu la wageni likaisha. Namba zikaanguka kwa siku moja, kama tanga la jahazi lililokatwa kamba. Kinyozi alikuja kuuliza kama ukuta wa chumba unashika misumari. Mitaani watoto walianza kupimishwa viatu vya shule. Mimi nilikuwa nalala na kuamka na kioo cha kinyozi mbele ya macho yangu.

Halafu jioni moja Springi alikuja mezani macho yakimeta. Alisema wageni wa kununua wameondoka wote, lakini amebaki mmoja. Huyu hakununuliwa. Anatoka mji huuhuu. Anaingia asubuhi, anaingia mchana, jioni haachi, wala hatoki upesi kama wale wa chafya, anakaa mno.

"Mtu hawezi kukaa hivyo kama hana kochi," alisema. "Huyu anapima. Anajipanga. Huyu ndiye, Baba."

Mume wangu aliweka kijiko chini. Akauliza kama anaweza kujua ukoo wake. Springi akasema tovuti haioneshi ukoo, inaonesha tu kwamba anatumia simu. Mume wangu akasikitika, lakini tangu siku hiyo akawa anaulizia habari za mtu huyo kila akinawa mikono: ameingia leo? Amekaa? Tukampa na jina, tukamwita Mwaminifu. Springi alimwona Mwaminifu kama mwenye nyumba ya wageni, anayepiga hesabu za viti vingi. Mume wangu alisema hapana, ni mgane. Mtu anayetazama makochi namna hiyo ana kochi la marehemu mkewe, anataka kulitengeneza na anaogopa kuligusa. Hata kinyozi alikuwa na lake: ni mtu anayewakwepa wadai, hana pa kwenda. Mimi nilimwona mama mmoja mnyonge ambaye mumewe hapendi mageuzi nyumbani. Nilimhurumia. Niliomba apate ujasiri wa kupiga simu, na baada ya kuomba nikachukua simu yangu kuangalia kama duka lipo.

Springi akaona Mwaminifu anahitaji kusukumwa kidogo, na Bwana Wageni akawa na dawa: tangazo linalomtambua mtu aliyewahi kufika, lenye maneno yake peke yake. Alilitia usiku, sisi tumelala.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni namenya viazi, nimevaa gauni la kulalia na koti la mume wangu. Chumba cha mbele kulikuwa na kinyozi na kamba yake, anapima ukuta. Mume wangu anamshikia ncha ya pili. Springi yuko kwenye kompyuta, amewapa mgongo. Nikafuta mkono, nikabonyeza. Boksi likaruka, lakini halikuniuliza habari za kochi. Liliandika: TUMEKUONA! UMERUDI TENA. USIONE HAYA, LEO SEMA NASI.

Nilitazama dirisha. Nikatazama dari. Nikafunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Halafu nikaitia simu chini ya sufuria, nikaifunika, na juu ya sufuria nikaweka jiwe la kusagia. Wakati huohuo nikamsikia Springi kutoka mbele: "Amekuja! Baba, Mwaminifu ameingia, yumo sasa hivi." Wanaume wale wakanyamaza ghafla, kana kwamba mtu yule angewasikia akakimbia.

Niliingia na kisu cha viazi mkononi.

"Springi, kuna watu ndani ya simu yangu wananiona."

Aligeuka taratibu. "Wanasemaje, Mama?"

"Wanasema nimerudi tena. Wanasema nisione haya."

Kamba ilimponyoka kinyozi. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta aliokuwa anaupima. Mume wangu alinitazama toka koti hadi kisu.

"Mama Springi," alisema, "kumbe mgane mwenyewe ni wewe?"

Lakini Springi hakucheka. Alikaa kwenye kochi alilokuwa hajalimaliza, mikanda ikalia chini yake. Nikaelewa nilichofanya. Mtu mmoja aliyetakiwa, asiye ndugu, asiye jirani, alikuwepo mpaka nilipofungua mlango. Na mimi nimemuua kwa sentensi mbili. Kati ya watu wote wa dunia, ni nani aliye ndugu kuliko mama?

Nikamwambia anisamehe, sitaingia tena.

"Unaingia kufanya nini, Mama?"

"Kuangalia kama ipo."

Nikaona uso wake umeanza kulegea, kama mtu anayetaka kulia au kucheka na hajachagua. "Na mbona unakaa sana?"

"Sasa lile jekundu nitalifungaje?"

"Si kuna alama ya kufunga? Pale juu, pembeni."

"Pembeni ya wapi?"

Alinyanyuka. Nilimfuata jikoni, akaondoa jiwe, akaondoa sufuria, akaitoa simu. Aliigeuza wima, akailaza, akavuta kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kwenye kompyuta yake alama ile ilikuwepo, msalaba mdogo mweupe kwenye kona. Kwenye kioo changu kidogo boksi lilikuwa limejaa mpaka likamwagika, na kona yenye msalaba ilibaki nje, mahali ambapo hakuna kioo. Hakukuwa na pa kubonyeza. Picha zote zilikuwa nyuma ya boksi. Namba ya simu, ile ya tarakimu kubwa, ilikuwa nyuma ya boksi.

"Kwa hiyo wewe hujawahi kuyaona makochi humu?"

"Makochi nimeyaona ukiyashona, mwanangu."

Alikaa juu ya gunia la viazi. Alisema, si kwangu, kwa ile simu, kwamba mji mzima una simu kama hii, hakuna mwenye kompyuta kama yake. Kwamba yeyote aliyekuja kwa miguu yake, bila kununuliwa, alikuta jekundu akageuza.

"Mama, nimefungua duka halafu nikasimama mlangoni nikiwazuia watu."

Halafu, ndiyo, alicheka. Mpaka baba yake alikuja kuchungulia kama tuko salama.

Aliling'oa boksi kabla viazi havijaiva. Bwana Wageni alipiga simu kutoa ofa ya fungu kubwa, Springi akamwambia wageni wake wapumzike, wametembea sana. Kisha akawa anakamata simu za watu. Kila aliyepita mlangoni alisimamishwa: lete simu yako nione kitu. Simu ya baba yake, simu ya jirani muuza mkaa, simu ya kinyozi. Kinyozi alinung'unika kwamba anamsaidia mtu anayetaka kumnyima chumba, lakini simu aliitoa, na akaonesha picha moja ambayo ilikuwa imelala kichwa chini. Springi pia aliandika kitu kipya chini kabisa ya ukurasa, karibu na namba yake: *Kabla sijafunika sponji, utakuja ukae.* Basi.

Mimi niliishika ahadi yangu, nikawa naichukua simu na kuirudisha kwenye rafu. Baada ya siku kadhaa Springi akaniambia niingie tu. Alisema akiona sifuri anahisi baridi.

Siku shule zilipofunguliwa, mkokoteni ulisimama mbele ya mlango, na juu yake kitu kirefu kimefungwa blanketi. Kioo cha kinyozi. Mwenyewe kavaa shati la pasi. Mume wangu alimkaribisha kwenye benchi, wakakaa wote wawili. Ahadi ni ahadi, na wote wawili walikuwa wakimpenda yule msichana. Springi alikuwa ndani amepiga magoti, anakusanya misumari yake iliyomwagika, mmoja mmoja, kazi ambayo angeweza kuimaliza kwa ufagio.

Simu yake ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, yenye hasira ya kutosha kusikika mpaka kwenye benchi. Aliuliza kama ndiye fundi wa makochi. Alisema amekuwa akiutafuta ukurasa huo tangu mwezi uliopita, kila akifungua kuna kitu chekundu kinamrukia kama bata mzinga, leo kimeondoka na ameiona namba. Alisema anakuja, yuko njiani, na kiti anacho.

Sikumbuki nani alimwambia kinyozi angoje. Labda hakuna. Alingoja tu.

Yule wa kwenye simu alikuja na kiti juu ya gari la kukodi, kiti kikubwa cha mikono miwili, cha rangi ya divai. Mwenyewe ni mpiga picha, studio yake iko upande wa pili wa mji. Kiti hicho ndicho watu hukalia kupigwa picha, na siku hizi kimezama katikati. "Watu wanakuja wamependeza," alimweleza Springi, "wanatoka kwenye picha kama wanaodidimia. Jana bibi harusi amenirudishia picha zote." Springi alikuwa ameshainamisha kiti, mkono umo ndani mpaka kiwiko, sikio kwenye mbao. Hakuwa na habari na sisi.

Mimi nilikuwa na habari. Nilikuwa namtazama mume wangu, ambaye alikuwa amesimama kutoka kwenye benchi, anavaa miwani. Alimzunguka yule mpiga picha. Alimtazama upande huu, akamtazama upande ule. Najua mwendo ule, ndivyo anavyoanza. Kwenu wapi, mzee wako nani. Maneno machache tu, na mtu huyu angekuwa binamu, na kioo kingefunguliwa blanketi. Nilitaka kuleta chai, nilitaka kupiga kelele kwamba nyumba inaungua. Nilibaki palepale mlangoni.

Mume wangu akakohoa. "Kijana," alisema, "unanijua mimi?"

"Sikujui, mzee," mpiga picha alijibu, bado na mabaki ya hasira yake. "Nimekuja kwa fundi."

Mdomo wa mume wangu ukabaki wazi. Niliona swali limesimama pale kwenye ulimi, limejipanga, limevaa viatu. Halafu akaufunga mdomo. Akaenda akashika mguu wa kile kiti ili Springi akigeuze vizuri.

"Kimelegea wapi?" ndilo aliloliuliza.

Springi aliinua kichwa, akamtazama baba yake, na sijui waliambiana nini kwa macho, maana mimi yangu yalikuwa na maji. Kinyozi alipumua kwa nguvu. Akauliza sasa yeye kioo chake akipeleke wapi.

"Muulize mwenye chumba," mume wangu alisema, akimwonesha kwa kidevu. Mwenye chumba alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa, akamwambia kinyozi kwamba baraza ya pembeni haina upepo, na akimletea kiti chake cha kunyolea atakivalisha upya, naye awe mlipaji wa kwanza wa mtaa. Kinyozi alisema atafikiria, huku tayari anapima baraza kwa kamba.

Mpiga picha alirudi baadaye kukaa kabla kiti hakijafunikwa. Kaa, inuka, kaa tena. Siku hizi watu wake wanatoka kwenye picha wamenyooka, na wengine wakiuliza kiti kimeshonwa wapi, anawaelekeza. Wanakuja wakijua wanakokwenda.

Jioni ile ya kioo, Springi alipokwenda kununua sponji, nilimpelekea mume wangu chai nikamwambia asante kwa kutouliza.

Alikoroga chai ambayo ilikuwa haina sukari. "Mama Springi, mimi niulize nini? Yule ni mtoto wa utingo wangu wa kwanza. Masikio yale nimekaa nayo kwenye lori miaka mingi."

Nikamuuliza mbona basi hakusema.

"Ningesema ni ndugu," alinijibu, "angeomba bei ya ndugu."